Daftari la Rambirambi

Kauli iliyonichoma kuliko zote kwenye msiba wa mdogo wangu ilitoka kwa mtu anayenipenda. Mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyenifundisha Sala ya Bwana nikiwa mtoto, alinikumbatia pale uani akaninong'oneza, "Vumilia mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa." Nikajitoa mikononi mwake. Nikaenda nyuma ya jiko, nikaegemea ukuta wa tembe la baba na kujiuliza: kama Mungu hana makosa, basi kosa ni la nani? Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye simu yangu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo amesimama nyuma ya jiko kama nilivyosimama mimi Machi 2022.

Kwetu ni kijiji kimoja wilayani Chamwino. Mimi niliolewa Dodoma mjini na ninashona nguo karibu na soko la Majengo. Mdogo wangu alikuwa kitinda mimba wetu, nimemzidi miaka 11, nimembeba mgongoni kuliko nilivyowabeba wanangu mwenyewe. Akiwa na miaka tisa aliumwa koo, likapoa lenyewe. Wiki chache baadaye goti likavimba. Likapona goti, ikaja zamu ya kiwiko, kisha kifundo cha mguu. Tukasema ni baridi, ni mwili unakua. Mama akamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, maumivu yakaisha, tukasahau.

Ilikuwa homa ya baridi yabisi. Bakteria wanaingia kooni, mwili unapigana nao, halafu kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo na moyo. Viungo hupona. Moyo unabaki na makovu kwenye vali zake, ile milango inayopitisha damu, na makovu hayo yanakaa kimya miaka. Mzazi unayesoma hapa: koo la mtoto likiuma na homa juu, mpeleke akapimwe, na akipewa dozi aimalize. Viungo vikivimba kimoja baada ya kingine, usiridhike na maji ya chumvi. Sisi tuliridhika.

Tulijua akiwa na miaka 19, chuo cha ualimu, aliposhindwa kupanda ngazi za bweni bila kusimama katikati. Walimpima moyo kwa mashine ya picha, wakatuambia vali moja imebana sana. Akaandikiwa vidonge, na sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka mingi, ili koo lisije likaamsha ugonjwa upya. Upasuaji ungefanyika Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Bima yetu ilikuwa ya CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ambayo wakati ule ilikufikisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Mbele ya hapo ilikuwa ni mfuko wako. Tukaanza kuchangishana, taratibu, kama watu wenye muda.

Alipohitimu hakupata ajira, akarudi kijijini kufundisha kwa kujitolea. Dawa ya sindano zahanati haikuwa ya uhakika, hivyo kila mwezi alikuja mjini. Nauli, chakula na sindano vilikuwa kama shilingi 15,000, na hizo nilikuwa natuma mimi.

Desemba 2021 aliniandikia: "Dada shikamoo. Tarehe ya sindano imefika. Nina elfu tatu tu." Nikajibu: "Marahaba. Subiri mwisho wa mwezi." Sikukuu zilikuwa zimenibana, wateja wanadai nguo, ada za Januari zinanisubiri. Mwisho wa mwezi ulipofika nikasahau, naye hakukumbusha. Januari aliandika tena, nikamjibu vilevile. Februari hakuandika. Kulikuwa na palizi, nikajiambia yuko shambani.

Mwishoni mwa Februari akaanza kukohoa. Mama alinipigia kusema mtoto analala amekaa, ameegemea magunia, kwani akijilaza pumzi inakata. Tukasema kifua. Tukampa dawa za kikohozi siku nne. Siku nne! Mtu mwenye moyo mgonjwa akishindwa kulala chali, miguu ikavimba, akakohoa usiku, hicho si kikohozi, ni maji yanajaa mapafuni. Ni safari ya hospitali usiku huohuo, hata kwa pikipiki, hata kwa gari la kukopa. Tulimfikisha siku ya tano. Akakaa wodini siku tatu. Siku ya mwisho aliomba nimsuke. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa alipoanza kuhema vibaya, nikafukuzwa nje ya pazia.

Alizikwa akiwa amesukwa nusu. Mama alitaka tumalizie, mimi nikakataa, sijui kwa nini.

Mambo ya karatasi nitayasema kwa kifupi. Hospitali ikikupa kibali cha mazishi, kitoe nakala kabla hujakikabidhi kwa yeyote. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, na cheti kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili; sisi tulichelewa, na bila cheti hata shilingi 47,000 zilizokuwa kwenye laini yake ya simu hazikugusika. Mchagueni mtu mmoja asiyelia sana, binamu au shemeji, ashike hizo karatasi. Mimi nilizishika mwenyewe nikazipoteza mara mbili.

Fedha nitazisema wazi, kwa sababu kwenye misiba yetu huwa tunaziongelea kwa kunong'ona halafu tunagombana kwa sauti. Jeneza shilingi 350,000. Gari la kutoka mjini hadi kijijini 180,000. Saruji, matofali na msalaba 220,000. Chakula cha waombolezaji siku nne 690,000. Jumla 1,440,000. Rambirambi zilizotangazwa ni 912,500. Pengo la 527,500 likaniangukia mimi: nilikopa 400,000 kwenye kikoba chetu na kilichobaki nikakopa dukani. Lile jeneza nililichagua mimi. Lilikuwepo la 200,000, zuri tu, la mbao ya kawaida. Nikachukua lenye vioo na vishikio vya kung'aa. Nilikuwa nalipa zile elfu kumi na tano tatu, ingawa wakati ule sikujua.

Na nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Rambirambi zilikuwa mikononi mwa baba mdogo. Zilipotangazwa, mimi kichwani nilikuwa na hesabu yangu: nilikuwa nimeona watu wengi, nimeona noti. Nikasema mbele ya wazee kwamba kuna kama laki na nusu hazionekani. Baba mdogo alinitazama, akaniita kwa jina langu la utotoni, akanyamaza. Nikasema, "Basi nipeni daftari." Nikaondoka nalo mjini, nikalitupa juu ya kabati. Kwa miezi 14 sikulifungua na sikuzungumza na baba mdogo.

Kwetu Waanglikana, na nadhani kwa makanisa mengi ya hapa, baada ya mazishi familia husimama kanisani Jumapili kutoa shukrani: kushukuru waliowasaidia, na kumshukuru Mungu. Dayosisi yetu ya Central Tanganyika ipo tangu 1927, bibi yangu alibatizwa humo, na sijawahi kusikia mtu wa ukoo wetu akikataa kusimama. Mimi nilikataa. Baba, mama na kaka zangu walikwenda mbele na bahasha. Mimi nilibaki kwenye benchi, macho kwenye sakafu. Mwinjilisti alisoma, "Shukuruni kwa kila jambo," nikatoka nje. Sikurudi kanisani kama miezi sita.

Watu wanadhani ukiacha kwenda kanisani umeacha kuamini. Mimi niliamini sana kipindi kile. Niliamini Mungu yupo na ananijua, ndiyo maana nilimkasirikia. Usiku nilikuwa naamka saa tisa, nafungua simu, nasoma zile jumbe. "Subiri mwisho wa mwezi." Nilikonda. Nilipaza sauti kwa watoto kwa vitu vidogo. Mume wangu alivumilia, lakini naye alichoka, na sitamlaumu. Kama hali hiyo imekupata, usingizi umekata na chakula hakipiti kwa wiki nyingi, mwone mtu wa afya. Huzuni si ugonjwa, lakini inaweza kuuzaa.

Mwezi wa nane mchungaji alikuja dukani kwangu. Nilijua anakuja kunirudisha, nikakaza uso. Akavuta benchi, akakaa, mimi nikaendelea kushona. Sare ya shule, namkumbuka mtoto mwenyewe. Mchungaji hakusema kitu hadi nilipomaliza kola mbili. Halafu akaomba asome. Akasoma Zaburi ya 88 yote. Kama hujawahi kuisoma, isome peke yako: ni mtu anamlilia Mungu mchana na usiku, anamuuliza kwa nini umenitupa, na zaburi inaishia gizani. Haina ule mstari wa mwisho wa kushangilia. Inaisha tu. Nikasimamisha cherehani.

"Hii imo kwenye Biblia?" nilimuuliza. Aibu, kwa mtu aliyekulia kanisani.

"Imo," akasema. "Aliyeiandika hakufukuzwa."

Nikamuuliza na lile la kushukuru kwa kila jambo. Nikamwambia sitamshukuru Mungu kwa kifo cha mdogo wangu, hata akinifukuza. Akaniambia neno ambalo nimelishika hadi leo: kwamba Kiswahili chetu kinaweza kutuchanganya hapo, kwa sababu "kwa" ina maana nyingi, lakini Kigiriki cha Paulo pale kinasema "katika". Katika kila jambo. Kwamba unaweza kuwa katikati ya msiba na bado ukaona cha kushukuru, bila kuushukuru msiba. Akanikumbusha marafiki wa Ayubu: siku saba mchana na usiku walikaa naye chini bila kusema neno, na hapo ndipo walipofanya vizuri. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipokosea.

Sikurudi kanisani Jumapili ile. Nilirudi baada ya mwezi, nikakaa nyuma, nikaondoka kabla ya baraka. Lakini nilianza kusali, kama ile ni sala: nilikuwa namwambia Mungu ninachofikiri.

Kitu kingine nilichochelewa kukifanya ni kumuuliza daktari. Nilibeba swali langu mwaka mzima, nalizungusha usiku, na kumbe daktari aliyemtibu alikuwa mwendo wa nusu saa kutoka dukani kwangu. Nilipata ujasiri Aprili 2023. Nikamweleza kila kitu, pamoja na zile jumbe. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema sindano ile inazuia shambulio jipya, haifungui vali iliyokwisha kubana, na vali ya mdogo wangu ilikuwa imebana sana tangu siku ya kwanza walipoiona. "Siwezi kukuambia kwamba zile tatu alizokosa hazikuhusika," akasema. "Na siwezi kukuambia ndizo zilizomuua. Alihitaji upasuaji." Nilitaka anisamehe au anihukumu, hakufanya lolote kati ya hayo. Lakini niliondoka na ukweli wenye ukubwa wake halisi. Ule niliokuwa nao usiku ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Nenda kaulize. Andika maswali kwenye karatasi, nenda na mtu, uliza.

Nilikosea kutotuma zile fedha. Hilo nimelikiri kwa Mungu na kwa mama. Mama alilia, halafu akaniambia kwamba Januari mdogo wangu alikuwa na shilingi 8,000 za kuuza karanga, akamnunulia mwanafunzi wake madaftari. Kwa hiyo nilikosea, naye aliamua, na vali ilikuwa imebana. Yote matatu ni kweli kwa pamoja.

Mei 2023, wakati wa mavuno ya uwele, kaka alinipigia kusema baba mdogo anaumwa mgongo na ameniulizia. Jambo la kwanza nililowaza, nasikitika kusema, ni ile laki na nusu. Usiku nikashusha daftari juu ya kabati ili nikienda niwe na ushahidi. Ni kaunta buku la jalada jeusi, limelowa kona moja kwa mvua ya siku ya mazishi, ukurasa wa tatu una duara la kikombe cha chai. Mwandiko ni wa kijana wa kidato cha nne, herufi zimelala upande mmoja, kila jina na nambari yake. Nikachukua kalamu na kikokotoo cha simu nikaanza kujumlisha.

Nilijumlisha mara tatu. Mara zote 912,500. Haikupungua hata mia. Watu wengi niliowaona walikuja bila fedha, na noti nilizoziona ndizo hizohizo zilizoandikwa. Nilikuwa nimemwita mwizi mzee wa watu mbele ya ukoo mzima.

Nilipokuwa najumlisha mara ya tatu ndipo nikaanza kusoma majina. Sijui nisemeje. Nilikuwa nimetafuta wizi, nikakuta hivi:

"Mwinjilisti, 2,000. Fundi baiskeli, 1,000. Asiyetaka jina, 10,000. Mama Muuza Mlenda, uwele kibaba kimoja. Darasa la Nne B, 3,150. Dereva wa gari, amerudisha 20,000. Bibi wa Mbuyuni, maji ndoo 4. Vijana, kuchimba."

Darasa la Nne B ni darasa lake. Shilingi 3,150. Nikajaribu kuwaza hiyo hamsini ilitoka kwa nani. Kwenye kijiji ambacho sarafu ya mia ni kitumbua cha mtoto, walikuwa wamekaa wakachangishana, na mtu mzima akachukua zile sarafu kwa heshima, akazihesabu, akaandika. Nikalia kwa namna ambayo sikuwa nimelia tangu nifukuzwe nje ya lile pazia. Na katikati ya kulia nikasikia mdomo wangu unasema asante. Sikuwa nimeupanga. Asante kwa Darasa la Nne B. Asante kwa vijana kuchimba. Nilisoma kurasa zote 11, jina kwa jina, kila jina asante, hadi majogoo. Sikuweza kusema asante kwa kifo chake, na sijasema hadi leo. Lakini ile shukrani niliyoikataa kanisani niliitoa usiku ule sakafuni kwangu.

Kwa hiyo, ukifiwa, hakikisheni daftari linaandikwa, na liandikwe kila kitu, siyo fedha peke yake. Kuni, maji, usiku wa kulala msibani, shoka lililoazimwa. Siku ile hutaweza kuona nani amekufanyia nini. Utakuja kusoma.

Baba mdogo nilimkuta amelala kwenye mkeka nje ya nyumba. Nilipiga magoti. Nikamwambia daftari limetimia, mimi ndiye niliyekosa. Akaniuliza, "Umejumlisha mara ngapi?" Nikasema tatu. Akasema, "Mimi nilijumlisha saba," akacheka hadi mgongo ukamkata, akaniambia nimletee maji. Hatujaliongelea tena.

Tangu pale, kila nikienda nyumbani nachagua majina mawili matatu kutoka daftarini naenda kuwashukuru. Sipeleki vitu vikubwa, sukari nusu kilo, kipande cha kitenge kilichobaki mezani. Dereva aliona aibu akaniambia kila mtu angerudisha. Darasa la Nne B walikuwa wamefika la Tano. Mwalimu wao aliwasimamisha, nikashindwa kuzungumza, mtoto mmoja akaniletea kiti.

Bibi wa Mbuyuni nilimfikia Agosti, ule msimu wa upepo na vumbi. Anaishi peke yake, pale njia ya kwenda shule inapopinda. Kutoka kwake hadi bomba la kijiji ni mbali, na ndoo nne kwa kichwa kimoja ni safari nne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo.

Nikamwambia nimekuja kushukuru kwa maji. Akaniuliza maji gani. Nikamweleza, ya msiba wa mwalimu. Akafikiri kidogo.

"Aa, yale," akasema. "Wewe ndiye dada yake wa mjini."

Nje ya mlango, kwenye kivuli cha ukuta, kulikuwa na kigoda. Kimekauka kwa jua, mguu mmoja umefungwa waya. Akakionyesha kwa kidevu. "Alikuwa akipita asubuhi anasimama hapo anahema. Nikamwambia usisimame mwanangu, kaa. Basi nikawa nakitoa kila siku kabla hajapita. Anakaa, ananiambia, 'Bibi, ngoja kwanza moyo ukae.' Ukikaa, anaondoka."

"Na bado unakitoa?"

"Nimezoea."

Akakivuta kwa mkono akanisogezea. Nikakaa. Naye akakaa kizingitini, na hatukuzungumza tena mpaka jua likatufikia miguuni.